Waliolala Chini ya Sakafu

Kosa lile nililifanya mimi, na sitaki mtu anisaidie kulibeba. Kila nikisimulia, wapo wa kunipoza: ah, mzee, ulikuwa kijana, amri ilitoka juu, mambo yalikuwa ya haraka. Aka! Amri ilitoka juu, sikatai, lakini kamba niliishika mimi kwa mikono yangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wanahamishwa kutoka kwenye mashamba yao waje wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa bwana shamba, nimetoka Mbeya na cheti changu na buti mpya, nikapangiwa Ufipa, upande wa Sumbawanga. Wenzangu walinicheka sana. Sumbawanga? Huko jina lenyewe maana yake tupa uchawi, sasa wewe unakwenda kutupa uchawi gani? Nikawajibu kwamba mimi nakwenda kutupa ujinga. Nilikuwa na mdomo siku zile.

Kijiji kilikuwa upande wa Mwimbi, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka mjini. Kazi yangu ya kwanza haikuwa mahindi wala ulezi, ilikuwa kupanga nyumba. Nilipewa vigingi, kamba ya katani na karatasi iliyochorwa ofisini: nyumba kwa mistari, na kila mstari unyooke. Mkubwa wangu wa mjini alipenda mstari ulionyooka kuliko kitu chochote duniani. Akija kukagua alikuwa anasimama mwanzo wa mstari, anafumba jicho moja, anachungulia mpaka mwisho. Kigingi kimoja kikitoka nje, mnaanza upya.

Mstari wa tatu ulipokaribia mwisho ukaingia kwenye kibonde. Palikuwa mahali padogo pamebonyea, majani mafupi, udongo mweusi umepasukapasuka kwa jua. Ilikuwa Agosti, upepo wa Ufipa unakata masikio. Ndani ya udongo ule mlikuwa na mashimo ya kwato za ng'ombe, yamekauka yakawa magumu, unaweza kujikwaa. Jamani, mimi bwana shamba mzima! Udongo mweusi wenye nyufa, kwato zimezama hivyo, nami nikasimama pale nisijiulize ng'ombe alizamaje kwenye ardhi ngumu. Tena niliona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliona, halafu nikaona pia kwamba kukikwepa kile kibonde ni kung'oa vigingi vya mstari mzima, na mkubwa anakuja Ijumaa.

Juu kidogo ya kibonde palikuwa na nyumba ya bibi mmoja. Yeye hakuhamishwa, kijiji ndicho kilichomfuata. Alikuwa mkunga, nusu ya watu wa pale walipitia mikononi mwake. Nyumbani alisema Kifipa tu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha kuokota kanisani na mnadani. Siku hiyo alishuka polepole akasimama mbele ya kamba yangu. Nikamwamkia.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Hapo msijenge, bwana. Hapo wamelala.”

“Wamelala akina nani?”

“Wenyewe.”

Nikatazama huku na huku. Hakuna msalaba, hakuna rundo la mawe, hakuna mti wa kaburi. Nikamwambia kama kuna makaburi anionyeshe hata moja, tutaliheshimu, serikali haikanyagi wafu wa watu. Akatikisa kichwa. Akasema tena, “Wamelala,” huku akielekeza kidole chini, mbele ya buti langu. Halafu akaendelea kwa Kifipa, maneno mengi. Watu niliokuwa nao wakainamisha vichwa, hakuna aliyenitafsiria. Siwalaumu. Mwaka ule nani angebishana na mtu aliyeshika kamba ya serikali? Na mimi kuuliza sikuuliza. Nilimshukuru Bibi kwa adabu zote, nikapiga kigingi palepale alipoelekeza kidole.

Viwanja vya mwisho vya mstari ule vikakosa watu. Ukimpa mtu pale, anakwambia sawa, ndugu, halafu humwoni tena. Baada ya wiki mbili nikapandwa na hasira. Nikawakusanya, nikawaambia kama mnaogopa mizimu, nyumba ya mwisho kabisa, ile ya kibondeni, nitakaa mimi na mke wangu. Wakapiga makofi. Nikadhani wananisifu.

Mke wangu alifika kwa lori la mbolea, mimba yake kubwa, amekalia magunia, anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Alipenda kunitania kwa kazi yangu, na akikasirika vilevile ananiita Bwana Shamba, kwa hiyo ilibidi usikilize sauti ujue ni lipi. Nilimsimulia habari ya Bibi na wale waliolala, nikiigiza na kile Kiswahili chake. Hakucheka.

“Kwani ungemsikiliza ungepungua nini, Bwana Shamba?”

Nikamwambia yeye hajui kazi. Akaanza kufungua mizigo.

Nyumba ilikuwa ya tofali mbichi, paa la nyasi, vyumba viwili. Kina mama wa kijiji walikuja kutusaidia kusiriba sakafu kwa samadi na majivu. Bibi naye alikuja. Alivua ndala zake mlangoni, akaingia kwa ncha za vidole, akasiriba kona yake bila kusema na mtu. Alipomaliza alimshika mke wangu mkono. “Mama,” akamwambia, “humu tembea taratibu.” Mke wangu aliniangalia, nami nikatazama pembeni nisimcheke mzee wa watu.

Mtoto alikuja mapema, Septemba mwishoni, asubuhi. Zahanati ilikuwa mbali, Bibi ndiye aliyemzalisha. Alikuwa wa kike. Alilia mara moja, kilio chembamba, nikiwa nje nikaruka kwa furaha. Kabla ya saa sita mchana akanyamaza moja kwa moja. Mke wangu wakati huo alikuwa ametokwa na damu nyingi, ana homa, anaweweseka, hajui mchana wala usiku. Bibi alitoka nje na kile kifurushi, hakunificha. “Amekufa, bwana,” akaniambia kwa Kiswahili, wazi kabisa.

Tulimzika jioni ileile. Nilikuwa nimeanza kuchimba hatua chache nyuma ya nyumba, Bibi akanizuia na kunipandisha juu, penye udongo mwekundu. “Huku,” akasema. “Kule chini wamelala.” Nilichimba nikilia, na lile neno linanizunguka kichwani.

Kesho yake mke wangu akapata fahamu. Midomo imekauka, macho yamezama ndani. Akageuza shingo, akapapasa godoro.

“Mtoto yuko wapi?”

Nilikuwa nimekaa pale tangu alfajiri nikilitafuta la kumwambia. Nilikuwa nalo. Nilifumbua mdomo, likatoka lingine.

“Amelala,” nikasema.

Kwa Kiswahili chetu mtu akifa tunasema amelala, hakuna aliyeniona mwongo. Hata mimi nilijidanganya kwamba nimemwambia. Lakini nililichagua neno lile kwa sababu ya woga, kwa vile lina njia mbili. Mimi nilikimbilia moja, naye mke wangu akashika ya pili. Akafumba macho akasema, “Haya, mwache alale.”

Alipopata nguvu ya kusimama, hakulia. Nilingoja alie. Majirani walikuja kutupa pole, akawapokea vizuri, akawakaribisha uji. Akazifua nepi zote zilizokuwa sandukuni, akazianika, zikikauka anazikunja, kesho anazifua tena. Maziwa yalikuwa yanamtoka, yanalowesha blauzi, anajifuta tu na kanga. Siku moja niliufunga mlango kwa nguvu kwa sababu ya upepo, akaniwekea kidole mdomoni.

“Polepole. Utamwamsha.”

Mungu wangu! Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba. Kila siku nilisema leo namwambia, na kila siku neno lilizidi uzito. Nikapanda kwa Bibi, nikamwomba amwambie yeye, mwanamke kwa mwanamke. Bibi alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo. Hakuinua hata uso.

“Neno lako hilo,” akasema. “Ulilitoa wewe.”

Oktoba ikapita hivyo. Nilimpenda sana mke wangu, na nilikuwa naanza kuogopa kuingia nyumbani kwangu mchana. Nilijua kabisa ninachoweza kupoteza. Nilimwona anakwenda kidogokidogo, kila siku hatua moja mbele, na mtu pekee wa kumwita arudi alikuwa mimi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili ya Novemba. Tulikuwa tumekaa tunakula ugali wa ulezi na maharage, mchana, mlango wazi. Ilianza kwa matone makubwa, harufu ya vumbi ikaingia, halafu ikamwagika. Nilifurahi kama mkulima yeyote. Ilipopungua kidogo, nikasikia kitu.

Kwaruu. Kimya. Kwaruu.

Sauti ilitoka chini. Siyo ukutani wala darini. Chini ya sakafu, chumba cha kulala, upande wa kitanda chetu. Ilikuwa sauti ya kucha, inakuna mara moja, inapumzika muda mrefu, inakuna tena. Aliyekuwa anakuna hakuwa na haraka hata kidogo.

Mke wangu aliweka tonge chini. Uso wake ulikunjuka, kwa mara ya kwanza tangu Septemba nikamwona anatabasamu.

“Anaamka,” akasema.

Sijawahi kuogopa hivyo, wala kabla wala baada. Nikasema ni fuko, fuko tu, mvua imemfurumusha. Nikachukua mwichi wa kutwangia nikaingia chumbani, nikapiga sakafu kwa nguvu. Ikanyamaza. Nikarudi nikakaa. Haikupita dakika tano, kwaruu, na sasa nyingine, kona ya jikoni, ikaijibu.

Siku mbili mvua haikukata. Ofisi ilinitaka shambani kugawa mbegu, nikawa natoka asubuhi, narudi alasiri, na kila nikirudi mambo yamezidi. Sakafu ilianza kuvimba, hapa na pale, ikapasuka juu kama mkate. Kwenye nyufa ilitoka harufu ya tope la zamani, tope lililofungiwa. Nilikuwa namkuta mke wangu amelala kifudifudi, shavu kwenye samadi, ananong'ona. Sikusikia maneno yake yote. Nilisikia “vuta subira” na nikasikia “baba yako.” Ukikanyaga, kule chini wananyamaza wote. Ukisimama kimya, wanaanza. Mimi niliyekuja kutupa ujinga nilikuwa nasali kwa sauti njiani kama mtoto wa kipaimara. Nilimkumbuka Bibi na kidole chake. Nilikuwa nimejenga juu ya wafu wa watu, nikawaza, na sasa wamemchukua wangu, na wanaamka kuja kumchukua na mama yake.

Alasiri ya tatu nilikuta mlango wazi, mvua inaingia ndani. Mke wangu alikuwa amepiga magoti chumbani. Kitanda alikuwa amekisukuma ukutani. Kwa kisu cha jikoni alikuwa ameifumua sakafu, shimo la ukubwa wa sinia, tope mpaka kwenye viwiko, blauzi imelowa maziwa. Aliinua uso, akanitazama kwa furaha.

“Njoo unisaidie, amekwama.”

Nikachungulia. Tope lilikuwa linapumua, linapanda, linashuka. Kisha likagawanyika, kikatoka kichwa. Kichwa cha rangi ya tope lenyewe, bapa, mdomo mpana uliovutwa pembeni kama unacheka, na chini ya kidevu vindevu viwili vidogo. Macho yalikuwa wazi, yamepakwa udongo, hayapepesi. Kilinyoosha shingo ndefu, ndefu mno, kikatutazama, mmoja mmoja.

Jembe lilikuwa mkononi, nilikuwa natoka shamba. Sikufikiri. Nililiinua nikapiga, na kitu kikalia kwa mpasuko, kak, kama kibuyu.

“Umempiga!” mke wangu akapiga yowe. “Umempiga mtoto! Umempiga mwanangu!”

Yowe lile lilisikika mpaka juu. Bibi akaja mbio kwa umri wake ule, shuka kichwani, matope mpaka magotini. Aliangalia shimo, akaangalia jembe, akalichukua kutoka mkononi mwangu akalitupa nje. Kisha akapiga magoti kando ya mke wangu, akazamisha mikono yote miwili kwenye tope, akakitoa.

Alikuwa kobe. Nasema kobe kwa kuwa sina neno jingine. Wa baharini ni kasa, wa nchi kavu ni kobe, na huyu wa mabwawani Kiswahili kilimsahau, basi wacha nimwite kobe wa maji. Gamba bapa la kahawia, ukubwa wa sahani, kucha ndefu, vidole vimeunganishwa na ngozi. Jembe langu lilikuwa limempasua gamba upande wa nyuma. Hakuingiza kichwa ndani kama kobe mnayemjua. Aliilaza shingo ubavuni, akaficha uso chini ya ukingo wa gamba, akatoa uvundo uliotujaza pua wote.

“Ndio hawa, bwana,” Bibi akasema. “Nilikwambia wamelala. Sikusema wamekufa.”

Nikakaa chini palepale kwenye tope. Akatueleza kwa Kiswahili chake kilekile kidogo, na safari hii nilisikiliza kila neno. Hapa ni bwawa. Mvua ikinyesha lina maji, ng'ombe wanakuja kunywa, na hawa wanawatoa kupe miguuni. Mvua ikiisha maji yanakwisha, nao wanaingia chini ya tope, tope linakauka juu yao. Hawali, hawanywi, miezi yote ya jua. Wamelala. Mvua ikirudi wanaisikia, wanaamka, wanapanda. Na mwaka huu walipopanda, wamekuta nyumba.

Mke wangu alikuwa anamsikiliza midomo wazi. Mvua ilipungua, na katika kimya kile tukawasikia wengine, jikoni, mlangoni, chini ya kitanda, kwaruu, kwaruu, nyumba nzima. Akapeleka kidole chenye tope, akamgusa yule kobe kwenye ufa wa gamba. Kobe akatoa kichwa kidogo.

“Yu hai,” akasema.

“Yu hai, mwanangu.”

Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia, “Na wangu, Bibi? Amelala au amekufa?”

Bibi aligeuka akanitazama mimi. Alinitazama akangoja, na nilijua kwamba atangoja mpaka kiama.

“Amekufa, mke wangu,” nikasema. “Alikufa siku ileile, kabla ya saa sita. Alikuwa wa kike. Nilimzika mimi, huko juu, kwenye udongo mwekundu. Amekufa.”

Alinipiga. Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, tope linaruka, ananiita mwongo, mwongo mkubwa, siku zote hizi unaniacha nafua nepi! Nami nikamwacha apige. Kisha sauti ikamkatika, ndipo akalia, kilio nilichokingoja tangu Septemba, akalia mpaka akajilaza mapajani mwa Bibi, karibu na yule kobe. Sakafu ikafunguka mahali pengi. Wakatoka mmoja mmoja, wamevaa tope, wakapita kando ya magoti ya mke wangu, wakavuka kizingiti, wakaingia kwenye mvua. Hakuna aliyetugeukia. Tulikaa tukawaangalia mpaka giza likaanza kuingia.

Kesho yake nyumba ilikuwa na maji mpaka magotini. Tulihamia kwa Bibi. Ule ufa wa gamba Bibi aliuziba kwa nta ya nyuki, akamweka mgonjwa wake kwenye karai, na mke wangu ndiye aliyemchimbia minyoo kila asubuhi mpaka siku ya kumrudisha bwawani. Mchana alikuwa anapanda kaburini na kulia, anarudi, anakula. Alipungua akawa ngozi na mifupa, lakini alikuwa amerudi.

Vijana wa kijiji walitaka kumwaga mafuta ya taa bwawani. Nyumba iliyotokewa na wanyama chini ya kitanda, walisema, hiyo si bure. Nami nilikwenda mjini kwa mkubwa wangu kujieleza.

“Umejenga bwawani?”

“Ndiyo, ndugu.”

“Bwana shamba mzima?”

“Mzima, ndugu.”

Akanitukana vya kutosha, nikavipokea, vilikuwa vyangu. Kisha akatoa amri: uchimbwe mfereji, maji yatolewe, hao wadudu wauawe, mstari ubaki kama ulivyo. Niliirudisha amri ile nyumbani mfukoni, nikamsomea mke wangu. Alikuwa anapepeta mahindi. Aliacha.

“Wale wakifa,” akasema, “nitajuaje tofauti? Mimi nataka kila mwaka niwaone wanaoamka. Nikiwaona hao nitajua kwamba wangu hataamka, nami nitatulia. Usiniondolee hiyo.”

Basi nikaketi nikaandika taarifa. Sikuandika neno kobe hata mara moja. Niliandika kwamba mwisho wa mstari wa tatu ni sehemu ya kunyweshea mifugo ya kijiji, isijengwe, isilimwe, isichimbwe mfereji wala kutiwa sumu ya aina yoyote. Mifugo ofisini ilikuwa neno zuri, likagongwa muhuri. Na wale vijana, mke wangu aliwakalia ukingoni mwa bwawa na fimbo ya Bibi, siku nne, mpaka wakachoka. Mkubwa alipokuja kukagua alisimama mwanzo wa mstari, akafumba jicho.

“Mstari umekatika,” akasema.

“Umekatika, ndugu,” nikajibu.

Ndivyo lile bwawa lilivyopona. Tulipata watoto wengine, tukahamia Sumbawanga, tukajenga Katandala, sakafu ya saruji. Lakini Novemba ikifika, mvua ya kwanza au ya pili, mke wangu alikuwa hashikiki. Tulikwenda kwa lori, baadaye kwa basi, miaka ya karibuni kwa bodaboda kutoka barabarani, vizee viwili vimebebana nyuma ya kijana. Kuta za nyumba yetu ziliyeyuka zamani. Tulisimama ukingoni tukiwangoja. Yule mwenye kovu gambani tulimwona miaka mingi, alikuwa wa mwisho kutoka, mguu mmoja wa nyuma anauburura, na kila nikimwona nilivua kofia. Wakiisha kutoka, mke wangu anapanda kwenye udongo mwekundu, anang'oa magugu, anakaa. Halafu ananiambia, “Haya, twende.”

Alikufa mwaka jana, Oktoba, ardhi imekauka. Aliugua siku chache tu. Kanisani walijaa watu wa mitaa ya Katandala na Mazwi, na wengine walitoka kule kijijini, wajukuu wa Bibi. Mchungaji ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Alisema mama yetu hajafa, mama yetu amelala katika Bwana. Sikio langu, au ni uzee, likasikia katika bwawa. Akarudia mara ya pili, amelala, na waumini wakaitikia.

Nikasimama. Mwanangu akanivuta koti, baba, baba, kaa. Mchungaji akanitazama, watu wote wakageuka. Nilikwisha kumdanganya mke wangu mara moja kwa neno lile, akateseka wiki nane. Sikuwa tayari wamdanganye tena, naye yuko kwenye sanduku, hawezi kunipiga ngumi.

“Amekufa, mchungaji,” nikasema. “Sema amekufa. Wanaolala mimi nawajua.”